Nyoka Uani, Panya Ghalani

Mvua za kwanza zikishanyesha, mambo hufuatana kwa mpango ule ule katika nyumba nyingi za Morogoro, Lindi, Tabora na hata pembezoni mwa Dar es Salaam. Kumbikumbi hutoka ardhini wakaja kuzunguka taa ya barazani. Vyura huja kuwala kumbikumbi. Maji huingia kwenye mashimo na vichuguu, na waliojificha humo hupanda juu kutafuta pakavu. Kisha usiku mmoja mtu anatoka kwenda chooni bila tochi, anakanyaga kitu laini chenye uzito.

Nyumba nzima huamka. Fimbo inatafutwa, panga linatafutwa, majirani wanaitana. Asubuhi nyoka aliyeuawa hulazwa kando ya njia ili watoto wamtazame, na watu wazima hubishana kama ni koboko au la. Baada ya hapo kila mtu anarudi kwenye shughuli zake. Panya wamo ghalani kama jana, rundo la matofali ya nyumba isiyokwisha liko nyuma ya jiko, na wajukuu waliokuja likizo wanalala kwenye mkeka sakafuni. Ninaandika kwa sababu naamini tumezoea kulimaliza jambo hili pale ambapo kazi yake ilipaswa kuanza.

Nyoka huingia katika makazi ya watu kwa sababu mbili, chakula na maficho, na vyote viwili tunampa sisi. Panya anayejulikana zaidi mashambani kwetu, yule ambaye wataalamu humwita Mastomys natalensis na wakulima humwita panya shamba, jike lake huweza kuzaa watoto kumi au zaidi kwa uzao mmoja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro wamemfuatilia kwa miongo mingi, wakaona jinsi wingi wake unavyopanda na kushuka kwa kufuata mvua. Mvua nzuri huleta nyasi na mbegu, mbegu huzalisha panya, na mahindi yakishavunwa na kuletwa nyumbani, panya huhama nayo. Nyoka hali mahindi. Anamfuata anayeyala.

Kwa hiyo anayetaka kujua kama nyoka atarudi, aanze kwa kutazama mavi ya panya. Kama yako kwenye kona za stoo, chini ya magunia na nyuma ya kinu, nyoka mwingine atakuja hata kama huyu wa leo amepigwa akapondeka. Hapa ndipo ilipozaliwa ile imani kwamba ukimuua nyoka mwenzake atakuja kulipa kisasi. Nyoka hana kisasi. Kilichomvuta wa kwanza bado kipo, na wakati mwingine dume hufuata harufu iliyoachwa na jike katika majira ya kupandana. Watu waliona jambo la kweli, kwamba wa pili huja, wakakosea sababu yake, na kosa hilo limewafanya waogope roho ya nyoka huku wakiacha kushughulikia ghala.

Ghala ndilo la kwanza. Mafundi wa zamani waliojenga vihenge juu ya nguzo, mita moja kutoka ardhini, na kuizungushia kila nguzo bati pana ambalo panya hawezi kulipanda, walikuwa wakiwazuia nyoka pia, wajue wasijue. Leo wengi tumehamishia magunia chumbani, chini ya kitanda au ukutani karibu na kichwa cha anayelala, kwa hofu ya wezi. Naielewa hofu hiyo. Lakini gunia la mahindi chumbani ni panya chumbani, na panya chumbani ni nyoka chumbani usiku. Mwenye uwezo wa kununua kihenge cha chuma anunue. Asiye na uwezo aweke magunia juu ya chaga, mbali na ukuta, katika chumba kisicho cha kulala, na afagie kila nafaka iliyomwagika. Banda la kuku nalo linaangaliwa vivyo hivyo. Swila hupenda mayai na vifaranga, na tundu linalompitisha panya linampitisha swila mwembamba. Wavu wenye matundu madogo, banda lililoinuliwa, na pumba zisizolala sakafuni ni kazi ya siku moja.

Kisha maficho. Kuni zilizorundikwa kwenye ukuta wa jiko, mabati yaliyolala, vifuu, matairi, mawe yaliyosalia kwenye msingi: hivyo vyote ni nyumba za nyoka. Kuni zikiinuliwa juu ya vichanja na kuwekwa mbali kidogo na mlango, mtu anaona kilicho chini yake kabla ya kupeleka mkono. Nyasi zikifyekwa mpaka chini kuzunguka nyumba, nyoka anayevuka anaonekana, naye mwenyewe hapendi kuvuka mahali peupe ambapo mwewe humwona. Matawi ya mwembe yanayogusa paa yakatwe. Upenyo chini ya mlango uzibwe, kwa mbao au hata kwa raba iliyokatwa kwenye tairi kuukuu. Bibi zetu waliofagia uwanja mzima kila alfajiri kwa fagio la chelewa, mpaka mchanga ukabaki na mistari, waliweza kusoma asubuhi nani amepita usiku.

Wengi hawataki habari hizi za kufyeka na kufagia, maana hazina ushujaa ndani yake. Wanataka dawa ya kunyunyiza. Sokoni wanauziwa kiberiti upele, nafthalini ile ya kuwekea nguo, vitunguu saumu vilivyopondwa, oili chafu, dizeli, au wanaambiwa wachome raba. Kiberiti upele na nafthalini vimefanyiwa majaribio ya kitaalamu, na havikuwazuia nyoka kwa kiasi cha kutegemewa. Nyoka hunusa kwa ulimi, kweli, lakini kunusa kitu kibaya si sawa na kukataa kukipita pale anapotaka kwenda. Hasara iko kwetu. Oili na dizeli huozesha udongo na kuingia kisimani. Vidonge vya nafthalini vikizagaa sakafuni mtoto huviokota akavila, na kwa watoto wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ambao pwani yetu si wachache, nafthalini huweza kuvunja chembe nyekundu za damu na kumpeleka mtoto wodini. Ninaona uchungu ninapoona mama aliyeacha kununua sabuni ili anunue unga wa kufukuza nyoka.

Tujue pia tunaishi na nyoka gani, maana hofu ya jumla haimlindi mtu. Bafe, ambaye wengine humwita kifutu au moma, ndiye anayepaswa kuogopwa zaidi na mkulima wa kawaida. Ni mnene, mfupi, ana rangi ya majani makavu, na anajiamini kwa rangi hiyo kiasi kwamba hakimbii. Tumefundishwa kutembea kwa kishindo ili nyoka watoke njiani. Kwa koboko na swila ushauri huo unafaa, maana wao husikia mtikisiko wa ardhi wakaondoka mapema. Bafe husikia, akatulia palepale. Kinga yake ni tochi, viatu vilivyofunika kifundo na fimbo ya kupapasia mbele ya mguu. Sumu yake huvimbisha, huleta malengelenge na kuozesha nyama, na wengi wanaobaki na mguu uliopinda au kidole kilichokatwa waliumwa na yeye.

Koboko ana sumu ya mishipa ya fahamu. Jeraha lake huweza kuonekana dogo, lakini kope zinalegea, ulimi unakuwa mzito, kifua kinashindwa kuvuta hewa. Hata hivyo ni mwoga wa watu na hana tabia ya kukaa sebuleni. Swila ndiye anayeingia ndani, akifuata panya na vyura, na ndiye anayetema sumu machoni kutoka umbali wa mita mbili na zaidi. Dawa ya macho yaliyotemewa ni maji mengi, mara moja, kwa muda mrefu, bila kuyafikicha. Kama maji hayapo karibu, maziwa yatafaa. Kisha hospitali, maana jicho lililoachwa huweza kupata kidonda na kupoteza nuru.

Halafu wako wale tunaowaua bure. Nyoka mdogo wa kahawia mwenye mistari hafifu myeupe kichwani, anayeonekana usiku kwenye kona za nyumba, hana sumu. Huwabana panya na mijusi mpaka wafe, akawameza. Yule anayefanana na mnyoo mkubwa, anayetoka udongoni wakati wa mvua na kusemekana kuwa na vichwa viwili, hula mchwa na mayai yao, na mdomo wake ni mdogo mno kuweza kumuuma mtu. Nyoka wengi wa kijani wanaouawa kwenye uzio ni wala vyura. Simwambii mtu amshike yeyote kati yao, kwani pwani yuko pia koboko wa kijani kwenye miembe na mikorosho, na kumtambua kunahitaji jicho lililofundishwa. Ninachosema ni kwamba asiyekushambulia, na ambaye njia ya kutoka iko wazi, aachwe aende.

Na fimbo? Wengi wanaoumwa hawakuwa wakifukuzwa na nyoka. Walimkanyaga wasiyemwona, au walimfuata waliyemwona. Kijana anasukumwa mbele na kelele za watu, anapiga mara ya kwanza akamkosa, na kabla hajainua tena ameshaumwa. Hata nyoka aliyekatwa kichwa, kichwa hicho huweza kuuma kwa muda baada ya kutengana na mwili, na watoto wamewahi kuumwa wakichezea maiti. Nyoka akiwa ndani, watoto na mbwa waondolewe, milango ya vyumba vingine ifungwe na upenyo chini yake uzibwe kwa kanga, mlango wa nje uachwe wazi, na mtu mzima mmoja asimame mbali akimtazama asipotee machoni. Mara nyingi atatoka mwenyewe. Simlaumu mama aliye peke yake usiku na mtoto mchanga, aliyebanwa kwenye chumba kimoja, akichukua mchi na kupiga. Lakini kundi la wanaume kumi mchana kweupe, wakimfukuza nyoka aliyekwisha kuingia kichakani, wanatafuta msiba.

Tulikuwa na watu wa kuitwa. Usukumani walikuwapo, na bado wapo, Bayeye, chama cha wajuzi wa nyoka ambao hufundishana kuwatambua, kuwakamata na kucheza ngoma na chatu. Makumbusho ya Bujora pale Kisesa, karibu na Mwanza, yanatunza kumbukumbu za ngoma na vyama hivyo. Kusini, Liwale na baadaye Newala, aliishi Mwingereza C.J.P. Ionides, aliyefariki mwaka 1968, ambaye watu walimtumia ujumbe kwamba kuna koboko wa kijani mwembeni, wakakaa chini ya mti kumlinda asitoweke mpaka afike na ufito wake mrefu wa kukamatia. Katika nchi ya Wajaluo, huko Nyakach upande wa Kisumu, chatu wanaoitwa Omieri waliheshimiwa kama waleta mvua na mavuno, na mwaka 2003 wanakijiji walimwacha mmoja wao akae kwenye kichaka chake na mayai yake bila kuguswa. Si lazima mtu aamini mvua ya Omieri ili aone kwamba pale palikuwa na desturi ya kutazama kwanza na kuuliza aliyejua. Kata zetu za leo zina mabwana afya na maofisa ugani. Hazina hata kijana mmoja aliyefundishwa kumtoa nyoka nyumbani kwa koleo refu na ndoo yenye mfuniko. Mafunzo hayo si ya miaka.

Upande mwingine wa imani zetu hauna uzuri wowote, na lazima usemwe. Nyoka akionekana kitandani, kwenye mtungi au juu ya dari, wapo watakaosema ametumwa. Siku hiyo hiyo jina la mtu hutajwa, mara nyingi la mwanamke mzee, mjane, anayeishi peke yake nyumba ya tatu. Nchi yetu imewazika wazee wengi waliouawa kwa tuhuma za namna hii. Nyoka alipanda darini kwa sababu panya walikuwa darini. Mwenyekiti wa kitongoji anayelijua hilo, akalisema mbele ya watu kabla hasira haijachemka, huweza kuokoa uhai wa mtu.

Sasa tuseme mtu ameumwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka watu milioni 5.4 huumwa na nyoka duniani, na kati yao milioni 1.8 hadi 2.7 huingiwa na sumu. Wanaokufa ni kati ya 81,000 na 138,000, na wanaobaki na ulemavu wa kudumu, pamoja na kukatwa viungo, ni kama mara tatu ya idadi hiyo. Naomba msomaji azitazame namba mbili za mwanzo kwa makini. Nusu au zaidi ya wanaoumwa hawaingiwi na sumu hata kidogo: ama nyoka hakuwa na sumu, ama aliuma bila kuimwaga. Hawa wote watapona hata wakipewa maji ya kunywa. Wakiwekewa jiwe la nyoka, watapona na jiwe litasifiwa.

Jiwe hilo jeusi, linalouzwa kuanzia Kongo na Burundi hadi pwani yetu, kwa kawaida ni kipande cha mfupa wa ng'ombe uliochomwa ukawa mkaa. Linang'ang'ania kwenye jeraha kwa sababu lina vitundu vinavyofyonza unyevu. Sumu iliyokwisha kuingia ndani ya nyama na kusambaa haifyonzwi na mfupa. Anayeliuza huenda anaamini kabisa, maana ameona kwa macho yake watu saba kati ya kumi wakiinuka na kwenda nyumbani. Wale watatu waliobaki, ambao sumu ilikuwa imewaingia kweli, ndio waliopoteza saa sita za kwanza wakiwa wamelikalia jiwe. Mganga anayestahili heshima ni yule anayesema: nitakuombea, lakini panda pikipiki sasa hivi.

Kamba nayo imekata miguu mingi. Kufunga kwa nguvu juu ya jeraha huzuia damu, na pale ambapo sumu ya bafe inaozesha nyama, kuifungia mahali pamoja ni kuiongezea kazi. Kuchanja kwa wembe huongeza kutoka damu kwa mtu ambaye huenda damu yake imekwisha kuacha kuganda. Kunyonya kwa mdomo, kuchoma kwa moto, kupaka mafuta ya taa, kumpitishia umeme wa betri: yote haya yaachwe. Pete, bangili na shanga zivuliwe kabla mkono haujavimba. Mguu au mkono utulizwe, ufungwe kwenye ubao usitikisike, mgonjwa asitembee, alazwe kwa ubavu kama anatapika au analegea. Hakuna haja ya kumkimbiza nyoka ili apelekwe hospitali. Tabibu anatibu kwa dalili. Anaweza kuchukua damu kidogo, mililita mbili, akaiweka kwenye chupa ya kioo safi na kavu, akaiacha dakika 20 bila kuitikisa. Ikibaki majimaji, sumu imeharibu ugandaji wa damu. Kipimo hicho hakihitaji mashine.

Kinachohitajika ni kufika. Katika tambarare za kusini-mashariki mwa Nepal, vijana wenye pikipiki walijitolea kuwabeba walioumwa, mgonjwa akikaa katikati ya dereva na msaidizi wa kumshikilia, na vifo vikapungua sana. Sisi tuna bodaboda hata kwenye vijiji visivyo na barabara ya gari. Kinachokosekana ni makubaliano: nani anaitwa usiku, nani analipa mafuta, wanakwenda kituo gani. Mkutano mkuu wa kijiji unaweza kuyapanga hayo kwa kikao kimoja. Nepal hiyo hiyo, utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba waliolala ndani ya chandarua waliumwa na nyoka kwa nadra kuliko wasiolala ndani yake. Kwetu swila huwauma watu usingizini, hasa wanaolala chini, na vyandarua tumegawiwa kwa ajili ya malaria. Chandarua kikichomekwa vizuri chini ya godoro au mkeka, kinafanya kazi mbili kwa bei ya moja. Kitanda cha kamba kilichosogezwa mbali na ukuta kinaongeza usalama kwa kiasi ambacho hakuna unga wa sokoni utakaokifikia.

Lakini kufika hospitali pasipo dawa ni kufika bure, na hapa ndipo lawama inapotoka uani kwetu na kupanda kwenda juu. Mwaka 2014 kampuni ya Sanofi Pasteur ya Ufaransa iliacha kutengeneza Fav-Afrique, dawa ya sumu ya nyoka iliyofaa kwa aina nyingi za Afrika, na chupa za mwisho zilipita muda wake Juni 2016. Afrika Kusini imeendelea kutengeneza dawa inayofaa kwa bafe, swila na koboko wetu, ila haijawahi kutosheleza bara zima. Dawa hii haitungwi kwa kemikali. Farasi hudungwa sumu kidogo kidogo, kisha kinga iliyojijenga katika damu yake huchujwa. Kwa hiyo huponya sumu za nyoka waliotumika kuitengeneza, na jamaa zao wa karibu tu. Ghana na Chad ziliwahi kununua dawa iliyotengenezwa kwa sumu ya nyoka wa Asia, na vifo vikaongezeka. Mnunuzi wa serikali asiyeuliza sumu iliyotumika ni ya nyoka gani huweza kujaza bohari chupa zisizoponya mtu.

Shirika la Afya Duniani liliuweka ugonjwa huu katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa mwaka 2017, na mwaka 2019 likatangaza lengo la kupunguza vifo na ulemavu kwa nusu ifikapo 2030. Kenya, kwa sheria yake ya wanyamapori ya 2013, iliwataja nyoka wenye sumu katika fidia, shilingi milioni 5 za Kenya kwa familia ya aliyeuawa. Nia ilikuwa njema. Ila fidia hulipwa baada ya mazishi, na gharama ya dawa inayoweza kuzuia mazishi hayo, hata zikihitajika chupa kumi, haifikii hata kidogo fungu hilo. Watu binafsi wamejaribu kuziba pengo: Watamu, shamba la nyoka la Bio-Ken lililoanzishwa na James Ashe lina mfuko unaowapa dawa wasioweza kununua, na Meserani, magharibi ya Arusha, bustani ya nyoka ina zahanati inayowatibu wafugaji walioumwa. Nawashukuru kwa moyo wote. Haifai uhai wa mchungaji wa Monduli utegemee kuwa aliumwa karibu na bustani ya watalii.

Wanaoumwa ni wapalizi, wachunga mbuzi, watoto wanaookota kuni, wanawake wanaokwenda chooni gizani. Hawana chama cha kuwasemea na wengi hufa kabla ya kuandikwa kwenye daftari la hospitali, ndiyo maana daftari huonyesha kwamba tatizo ni dogo, na dawa huagizwa kidogo kwa sababu daftari limesema hivyo. Mtoto huathirika zaidi, maana sumu ile ile inaingia katika mwili mdogo, na hupewa dozi ile ile ya mtu mzima kwa sababu hiyo hiyo. Mhudumu asiyelijua hilo hupunguza dawa kwa kufuata kilo.

Nimesikia hoja kwamba vituo vya chini haviwezi kutunza dawa hii kwa sababu ya baridi. Ile iliyo majimaji hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na zipo za unga zinazovumilia joto la chumba. Majokofu ya chanjo yaliyomo katika zahanati na vituo vya afya vyetu hukaa kwenye nyuzi hizo hizo, mengine kwa nguvu ya jua, na wauguzi wanayasoma kila asubuhi na jioni. Hoja yenye uzito ni ya mzio: dawa huweza kumletea mgonjwa mshtuko, kwa hiyo lazima adrenalini iwe tayari kwenye bomba la sindano na awepo mtu aliyefundishwa kuitumia. Hilo linaielekeza dawa kwenye kituo cha afya zaidi kuliko zahanati. Haliielekezi kwenye hospitali ya rufaa iliyo umbali wa kilomita mia mbili.

Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, na mipango ya halmashauri hukusanywa miezi mingi kabla yake. Katika vikao hivyo diwani wa kila kata yenye mashamba, mikorosho au mifugo anapaswa kuulizwa kituo cha afya cha kata yake kina chupa ngapi za dawa ya sumu ya nyoka, zimetengenezwa kwa sumu ya nyoka wa wapi, zinakwisha muda lini, na nani anayejua kuzitumia usiku wa Jumamosi. Akijibu kwamba hakuna, fungu lake liandikwe hapo hapo, kabla kikao hakijaahirishwa.